Mwalimu Chelewa

Jumatatu, tarehe sita ya Mfungo Tano. Manyunyu tangu alfajiri.

Sina hakika naandika sawasawa. Shule nilisoma miaka miwili tu. Lakini nyie mnaosomesha watoto leo mmeniuliza kazi ilikuwaje wakati wa Mwingereza. Nitasema, na hasira yangu mtanisamehe.

Siku ya kwanza, chuoni Temeke, chuo cha Kurani, Mwalimu Mkuu alinipa ukhalifa, yaani kumsaidia kusomesha, na chelewa moja, njiti ya ukuti ya kufuatia herufi. Mtoto alianza kwa kuhijai: alifu na alama yake, be na alama yake, mpaka zishikane ziwe neno. Chelewa haikusogea mpaka jicho limeona. Nikabandikwa jina, Mwalimu Chelewa.

Akaletwa Zuhura, binti wa Mwarabu mwenye duka. Ukimsomea mara mbili, kashika. Hata kuhijai hajamaliza, Mwalimu Mkuu akaamuru nimkaririshe sura za hitima, kisomo cha kumaliza chuo, ahitimu kabla ya harusi yake. Nikamwambia Mwalimu Mkuu kwamba binti hasomi, anakariri tu.

"Chelewa chelewa utakuta mwana si wako," akasema, chuo kizima kikacheka. "Wewe msomee tu."

Haki niiseme: kila ninachokijua alinifundisha yeye, na baba wa binti alikuwa akimsukuma. Ningeweza kukataa. Sikukataa.

Siku ya hitima Zuhura alisoma, watu wakatokwa machozi. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Chelewa yake ilikuwa kwenye ukurasa mwingine kabisa. Nikamfunulia mahali pake, nikanyamaza.

Baadaye nilihamishiwa chuo cha Kinondoni. Zuhura akanifuata huko, mtoto mgongoni. Baba yake Zuhura alikuwa amefariki. Matangani waligawa juzuu za msahafu, kila mtu asome yake, naye akapewa yake mbele ya mawifi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeitazama ile juzuu kama ukuta. Siku ile uliona?"

"Niliona."

"Basi nianzishe."

Akakaa mkekani na watoto wadogo, akaanza alifu. Miaka mitatu. Wakamcheka, akasoma.

Macho yaliponiishia nguvu niliacha kazi, nikadhani somo limeeleweka. Leo mchana mmoja wenu amenirudishia mjukuu wangu, eti kahitimu kwa miezi minne. Nikampa msahafu na chelewa. Sauti ikaenda huku, chelewa kule. Hata kwa macho haya nimeona.

Safari hii sikunyamaza. Kesho anaanza alifu, hapa kwangu.

Pilau ya hitima ilikuwa imeshaiva. Jioni tumeila hivyo hivyo.