Majina Yanayoishia na A

Miaka ile kompyuta zilipoanza kuingia maofisini Dodoma, nilijiita mtaalamu. Nikapewa kazi ya kutengeneza programu ya kuchapa barua za kuwaalika wakulima wa zabibu mkutanoni.

Mwenzangu Rehema akanikumbusha, "Kaka, kozini walisema tuweke sehemu ya jinsia, halafu tuijaribu programu kwanza."

"Hayo ni ya wenye muda," nikamjibu. Nikabuni njia yangu ya mkato: jina likiishia na "a", programu iandike Bibi; lisipoishia hivyo, iandike Bwana. Barua zote zikatoka asubuhi moja, nikazituma bila kusoma hata moja.

Siku ya mkutano tulimngoja mzungumzaji wetu, Mzee Juma wa Mkonze. Akaja mkewe, akakaa kiti cha mbele.

"Shikamoo mama. Mzee yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko na ng'ombe. Barua imemwita Bibi Juma, ndiyo nimekuja."

Nilipogeuka, nikakutana uso kwa uso na mkurugenzi wetu, Bwana Musa, ameshika barua yake.

"Na mimi Bibi Musa," akauliza taratibu, "nikae wapi?"