Kisima cha Spika Kumi na Mbili

Guleid wa Kotile alikuwa na jambo moja tu la kujivunia: kwa miaka sabini hakuwahi kumdanganya ngamia. Ujanani alisimama ndani ya kisima kirefu, akipokea ndoo ya ngozi kutoka chini na kuirusha juu kwa mwenzake, huku akiimba. Wimbo wa kunyweshea una mwiko wake: hauimbwi penye ukavu. Ngamia akiusikia anajua maji yapo. Siku hizi maji huletwa kwa lori, dereva akapiga honi, na ngamia wakaja mbio kama makarani walioitiwa chai. Guleid alikuwa akitema mate kila alipoisikia honi hiyo.

Mtoto wa nduguye, Abdiwali, aliyemwita adeer, yaani ami, na aliyesomea mambo ya sauti Nairobi, alimwita Garissa wajenge chumba cha sanaa ambamo sauti zingemzunguka msikilizaji pande zote. Kwanza walirekodi wimbo wake kisimani, penye maji, kisha wiki tatu walihamisha spika kumi na mbili.

"Maji umeyaweka darini. Kisima chako kiko mbinguni?" Guleid aliuliza, mlio wa maji ukisikika juu.

"Adeer, nilidhani yakidondoka yatapendeza."

"Yashushe chini ya sakafu. Na kengele za mti za ngamia ziwe nyuma. Mchungaji hutangulia, au Nairobi mnachungwa na mbuzi?"

Abdiwali alicheka, akazihamisha. Guleid alipokaa katikati na kuisikia sauti yake ikipanda kutoka nyayoni, alifumba macho, akaona haya kwa furaha yake.

"Lakini wimbo huu usivuke mlango," alisema.

"Wallahi, adeer, hautavuka."

Siku ya ufunguzi wageni walikuja wakinukia uudi, wakajipiga picha wakiwa wameipa mgongo spika iliyokuwa ikiimba. Wengine waliingia, wakatoka kabla ndoo ya kwanza haijafika juu. Abdiwali alipoona wapita njia hawageuki, alitoa spika mbili nje ya lango.

"Kionjo tu," alisema.

Barabarani mwanamke mmoja, Abshiro, alikuwa akipeleka ngamia kumi na mmoja soko la mifugo, siku ya sita bila maji. Jike kiongozi aliinua shingo. Wote waliacha njia, wakaja kuramba spika.

Wageni walishangilia. "Hata ngamia wanapenda sanaa!"

Guleid alitoka mbio. Aling'oa waya.

"Umenifanya mwongo, Abdiwali. Kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Adeer, ni wanyama tu."

"Nao hao wenye simu ni nini?"

Alizoa chupa za maji mezani, akazimimina kwenye karai. Jike aliyamaliza maji kwa mkupuo mmoja, akamtazama.

"Mzee, nani aliyeita?" Abshiro aliuliza.

"Mimi."

"Basi wanyweshe."

Guleid alitangulia. Ngamia walimfuata hadi mto Tana, wakipita tuktuk zilizowapigia honi. Abdiwali alifuata nyuma akiomba radhi.

"Imba basi, wafuate vizuri," Abshiro alisema.

"Nitaimba nikiyaona maji."

Aliyaona kati ya mifuko ya plastiki na uvundo wa taka za mji. Akaziba pua, akaachia pua, akaimba. Zamani shingo zingeinama kwa neno la kwanza. Jike yule alisimama, akamtazama tena, kisha akanusa maji kwanza.