Lusenge na Mwenzake wa Juu ya Gogo

Umande haujakauka kwenye mikaratusi ya mlima ulio nyuma ya mtaa wa Rughenda, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, na Lusenge amekwisha kuingia chini ya gogo. Juu yake, miguu ameitanua, amesimama Jephté. Msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao, unga wa mbao unammwagikia Lusenge shingoni.

Kazi hii haimruhusu kumwona mwenzake usoni. Anaona nyayo tu.

"Mwenye iko chini anapashwa kumuamini mwenye iko juu," anasema wakipumzika, Jephté akiwa ameenda kuchota maji. "Mimi hapana muamini. Lakini kazi ni kazi."

Lusenge amepasua mbao tangu ujana, na ni mzee wa kanisa la Kiprotestanti la mtaani kwake. Jephté alimjia miaka miwili iliyopita akiomba kazi, akitoka porini alikobeba bunduki.

Hakuficha kitu. Mbele ya baraza la wazee alikiri kwamba alikuwa katika kundi lililomchukua shambani, karibu na mji mdogo wa Mangina, mume wa Mama Adèle, mjane anayeishi sasa bondeni. Mtu huyo hakurudi. Kisha akasema Mungu amemwita, akaomba ubatizo.

Wazee walitazamana. Wakamwachia Lusenge kazi ya kumchunguza.

Kilichomtia shaka ni Jumamosi. Kila Jumamosi Jephté alijitwika vipande vya mbao vilivyobaki, akashuka mlima peke yake. Akiulizwa, jibu lilikuwa lile lile: "Natembea kidogo, papa."

"Nilisema, huyu anapelekea benzake ba pori habari," Lusenge anakumbuka. "Nikamufuata."

Alimfuata mpaka bondeni, kwenye nyumba ya udongo anamoishi Mama Adèle tangu alipokimbia vita. Jephté aliweka mbao mlangoni, akapiga hodi, akangoja. Mlango haukufunguka. Akaenda zake.

Alipotokomea ndipo Mama Adèle akatoka, akaanza kuziokota. Lusenge akamsogelea.

"Mama, unajua ni nani analeta hizi?"

"Najua. Napikia nazo maharagi." Akavunja kipande kwa goti. "Banasema Mungu alimuita. Ni sawa. Ule ufalme ni wake, aingize mwenye anataka. Hapa ni kwangu."

Lusenge akaanza kupanda mlima. Njiani wazo jingine likamchoma: je, kama Jephté alijua tangu mwanzo kwamba anafuatwa?

Alilieleza baraza mambo yote, na wazo hilo pia. Mchungaji Zacharie akamkazia macho.

"Papa Lusenge, Mungu alimuita ao hapana?"

"Sijue, pasta. Ile sauti mimi sikuisikia."

"Donc tufanye je?"

"Abatizwe. Kama anadanganya, hapana sisi anadanganya, ni Mungu."

Ubatizo umepangwa mwezi wa nane, mtoni. Bénite, binti wa mwisho wa Lusenge, amesoma mafundisho darasa moja na Jephté, na ataingia maji siku hiyo hiyo. Mkewe Lusenge hataki kusikia habari hiyo.

Yeye mwenyewe ana tumaini moja: siku moja asikie neno la Jephté bila kulipima. Siku hiyo haijafika bado. Kwa hiyo amekwisha kuomba ruhusa kwa mchungaji.

"Bénite atatangulia, Jephté nyuma yake," anasema, akirudi chini ya gogo. "Na mimi nitasimama mu maji, katikati yabo."