Nilivyofelishwa na adabu ya nyumbani kwenye mafunzo ya urubani

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo. Mtoto wa Meatu leo nimeamua kulitoa hili. Ni langu mwenyewe, sijasimuliwa, na atakayeona nimetia chumvi aninyooshee kidole hapahapa.

Ni miaka ile soko huria limeshakolea. Kampuni binafsi za ndege zinachipuka kila kona, na kwetu wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa. Mkoa wa Simiyu haujazaliwa bado, tunaitwa watu wa Shinyanga.

Nina leseni mbichi kabisa, nikaajiriwa na kampuni moja ndogo pale Mwanza kama first officer, yaani rubani msaidizi.

Kabla ya kubeba abiria lazima upite mafunzo ya awali. Darasani nilipeta. Balaa lilikuwa simulator, tulipopelekwa Nairobi. Kwa wasioijua, ni chumba kama cockpit kamili, yaani wanapokaa marubani, kinatikisika, dirishani unaona mawingu na uwanja, ila hamjatoka ardhini.

Mkufunzi wangu alikuwa Kapteni Masunga, mzee wa Maswa. Siku ya kwanza niliinama nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila baba." Akaitikia, akauliza ukoo wangu, akafurahi sana. Kuanzia hapo nikawa namwita baba. Nikajua nimeula.

Siku ya mtihani yeye ndiye anarusha, kazi yangu ni kufuatilia. Tunashuka ndani ya mawingu. Kuna kimo cha mwisho: ukikifikia na hujauona uwanja, unapanda, hakuna mjadala. Kapteni akakipita makusudi ili anipime. Utaratibu unasema nimwambie mara mbili, asiponisikia nichukue usukani.

Nikafungua mdomo. "Samahani baba, kama hutajali, naona kama..."

Skrini ikawa nyekundu. Tumeshagonga ardhi, mimi bado naomba radhi.

Msicheke sana. Nyumbani kwetu baba hakosolewi. Ukiwa na neno la kumwambia unampa mama, mama naye anatafuta siku nzuri ya kulifikisha. Ndege haina siku nzuri.

Kapteni hakunigombeza. Alisema nitarudia mara moja tu, nikifeli tena mkataba unavunjwa. Kijijini mama alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwanae anarusha ndege. Jamani niliumia. Nililia kama mtoto.

Nikapewa siku chache za kupumzika, nikaenda zangu kijijini kwetu, Lingeka. Ulikuwa msimu wa kulima, nikamsaidia babu yangu mzaa baba kazi ya plau. Sisi babu tunamwita guku. Macho yake yalikuwa yamechoka, akawafunga maksai kinyume, yule aliyezoea kulia kamweka kushoto.

Nikamwambia papo hapo kwamba amekosea, ageuze, na kwamba sijui bibi alimpendea nini. Akacheka, akasema nina wivu kwa kuwa namtamani mke wake, kisha akawabadilisha.

Tukaendelea kulima. Tuko katikati ya shamba ndipo nikashtuka. Mzee huyu anamzidi Kapteni umri mbali sana, na nimemkosoa bila hata samahani!

Wasukuma wenzangu wanajua. Guku ni mtani wako. Baba unamnyamazia, guku unamchokoza na kumpa ukweli wake, na hakuna anayeona umekosa adabu.

Nikarudi Nairobi. Mawingu yaleyale, kimo kilekile, tukakipita. Neno "baba" likaanza kupanda kooni. Nikalimeza.

"Guku, tumepita kimo. Panda."

Kimya.

"Guku, panda sasa."

Kimya. Nikachukua usukani, nikapandisha ndege.

Simulator iliposimama, Kapteni alibaki amekaa tu. Nikajua nimemuudhi, nikaanza kujieleza, habari za babu na maksai. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasaini kwamba nimefaulu. Ndipo akasema taratibu:

"Nina watoto sita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nimekosea. Nilidhani ni kwa sababu sikosei."

Nilimwonea huruma yule mzee kuliko nilivyofurahia kufaulu kwangu.

Sasa hivi na mimi ni kapteni. Nilichojifunza ni kwamba mdogo hawezi kuufungua peke yake mlango wa kumwambia mkubwa amekosea. Kama wewe ndiye mkubwa, ufungue wewe, tena mapema. Kila kijana anayekaa kiti cha kulia, kile cha rubani msaidizi, namwambia kabla hatujawasha injini kwamba siku hiyo mimi ni babu yake. Wengine wanadhani nimechanganyikiwa.

Mwaka jana tulikuwa tunatoka Bariadi kwenda Mwanhuzi na familia. Binti yangu akasema kutoka kiti cha nyuma, "Baba, umeipita njia panda." Mama yake akaangalia nje haraka, kama hakusikia.

Nikageuza gari.

Haya wakuu, uwanja ni wenu, mawe na maua yote napokea. Ila kwanza nijibuni hili: nyumbani kwako, ni nani anayeweza kukwambia umekosea?