Gunia Lisilofunguliwa

Nilitoka Mwembesongo asubuhi bila mpango. Begi la nguo, gunia la fundi kwenye buti, mafuta nusu tangi. Penye njia panda nikakata kushoto kwa sababu kulia kulikuwa na lori limeziba. Ndivyo nilivyojikuta kwenye barabara ya Kisaki, ambayo sikuwahi kuipita.

Kwenye tambarare gari lilikimbia vizuri. Lilikuwa otomatiki, limetoka juzi gereji kwa rafiki yangu, fundi. Mimi niliishia darasa la sita. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kati ya injini na giaboksi kuna duara la chuma lililojaa oili, konveta. Injini inazungusha pangaboi moja, oili inasukuma la pili, na katikati kuna gurudumu dogo linaloigeuza oili irudi na nguvu zaidi. Gia ya kwanza inazidisha tena nguvu hiyo, gari linaondoka. Likishashika mwendo, gurudumu lile halina kazi tena.

Aliniambia konveta yangu imekufa, akafunga nyingine. Ile ya zamani akanikabidhi kwenye gunia lililoshonwa, kama ilivyo desturi. Gunia hilo hulifungui mbele ya fundi. Ukilifungua, umemwita mwizi.

Kwenye mlima nilisimama kumpisha mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Alipovuka nikakanyaga mafuta. Injini ikaguna, mshale wa mizunguko haukupanda, gari likatetemeka pale pale. Nikaweka L, gia nzito ya mlimani. Haikusaidia, gia ya kwanza ilikuwepo tangu mwanzo, nguvu ya kuzidishwa ndiyo haikuwepo.

Hapo nikakumbuka gari la fundi mwenyewe, otomatiki kama langu. Mwezi mzima lilikuwa likiondoka kwa kujikokota, likichanganya baadaye. Juzi nililiona likitoka kituo cha mafuta kama limerushwa.

Nikachana gunia. Ndani mlikuwa na sahani ya klachi, ya gari la gia za mkono.

Nikampigia.

"Mwanangu! Uko pande zipi?"

"Mlimani. Nimefungua gunia."

"Sasa nani kakutuma ufungue?"

"Konveta yangu iko wapi?"

"Lile ni gari la tambarare, ndugu yangu. Hukuniambia unakwenda milimani."

"Nilikuwa sijui."

"Basi na mimi ningejuaje?" Akacheka, kile kicheko nilichokipenda miaka yote, akakata.

Mama alikuwa ametua mkungu, ananitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona limegoma, na linanguruma?"

"Limeshindwa kuondoka. Lingekuwa tayari linakwenda, lingekwenda."

"Basi liache hapo. Weka mawe nyuma ya matairi. Mwanangu kaoa, chumba chake kipo wazi." Akaangalia gunia. "Na hilo?"

"Chuma tu."

"Libebe. Mlango wa chumba hicho haukai bila kuegemezwa kitu."

Nyumbani kwake nikaegemeza sahani kwenye mlango, nikakaa kitandani. Dirishani, chini kabisa, mabati ya mji yalikuwa yanang'aa. Mama akauliza nitakaa siku ngapi. Kurudi kusingekuwa na taabu: ni mteremko, kisha tambarare, na gari lingenifikisha mlangoni kwa fundi likikimbia kama zima, bila kasoro ya kumwonyesha.

"Wiki," nikamwambia. "Kama si zaidi."