Waliuliza Kazi

Mama alianza kugonga miimo ya milango kwa bega la kushoto mwaka ule mvua ya mawe ilipotwanga majani yote ya chai. Mwanzo tulicheka. Kaka yangu alimtania kwamba nyumba ya kambi imemwonea wivu kwa unene wake. Kisha nikagundua kwamba alilazimika kugeuza kichwa kizima ili anione, hata nikiwa ubavuni mwake, na kicheko kikaniisha. Niliogopa sana.

Sheria ya shamba tuliijua wote: asiyechuma hakai kambini. Baba alikwisha kufa, na nyumba tulipewa kwa mikono ya mama. Jirani yetu aliumia mgongo, na haukupita muda nyapara akavitupa vyombo vyake nje kwenye matope.

Daktari wa macho alipokuja kwenye zahanati ya shamba, alileta mtindo mpya. Wagonjwa waulizwe wenyewe jinsi macho yanavyowasumbua, na wenye shida tu ndio wapimwe, maana foleni ilifika barabarani. Muulizaji alikuwa dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, Mkipsigis mpole ambaye p na b kwake zilikuwa pacha.

"Mama, unachuma majani bila taabu?"

"Bila taabu."

"Unabika mwenyewe?"

"Napika. Nani mwingine atapika?"

"Biblia je, unasoma?"

"Zaburi yote najua."

"Na njia ya soko?"

"Hiyo naenda hata macho ikifungwa."

Dresa akacheka, akamwita anayefuata. Mimi sikucheka, kwa sababu kila jibu lilikuwa kweli tupu. Mchumaji wa siku nyingi huchuma kwa vidole: jani laini hukatika, gumu hukataa. Maswali gani hayo, ambayo hata kipofu angeyashinda? Nilifungua mdomo, mama akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka. Njiani aliimba, na furaha yake ilinitisha kuliko ugonjwa, kwa jinsi alivyokuwa amening'ang'ania mkono.

Mvua za masika zikaja, zikaisha. Mama akaanza kumwaga chai kando ya kikombe. Akaacha kwenda kwa majirani jua likishaanza kushuka, akasema amechoka na umbea wao.

Daktari aliporudi, nilimvuta mama kwa ukali ambao mtoto hamfanyii mzazi, nikapita foleni yote na matusi yake hadi mbele ya daktari mwenyewe. Daktari akamuuliza swali moja tu.

"Mama, leo mimi nimevaa nini?"

Mama akatabasamu. "Daktari anavaaga koti nyeupe."

Alikuwa amevaa sweta ya kijani.

Daktari akammulika macho kwa tochi, moja kisha la pili. Presha ya macho, alisema. Akaniambia mimi, si yeye, kwamba dawa ya matone ingeokoa mengi kama angeanza mara ile ya kwanza. Sasa ingelinda kidogo kilichobaki. Hasira zikanipanda. Nikamuuliza mama mbele ya watu mbona hakusema.

"Waliuliza kazi," akanijibu, "na mimi nikajibu kazi."

Kisha akageuza uso kumtafuta daktari, akapunguza sauti.

"Hiyo dawa, daktari. Nyapara lazima ajue?"