Kijiko cha Mzee wa Ndege ya Mafuta

Kazi yangu ni kutunza wazee, kwenye nyumba moja ya wazee huku kaskazini mwa London, si mbali na Kenton. Nimewaona wa kila namna. Wapo wa kupiga, wapo wa kutukana, na yupo mmoja aliyekuwa akiniposa kila asubuhi, mchana ameshasahau. Mimi mtu wa Tanga, maneno hayanitishi, ukinipa moja nakurudishia mawili. Lakini huyu wa chumba cha mwisho alinishinda, maana hakutukana wala hakupiga. Alikuwa hali chakula, basi.

Ukimsogezea kijiko alifunga mdomo kwa adabu, kama mgeni anayekataa biskuti ya pili. Halafu alikichukua kile kijiko mkononi mwako, akakinyoosha kwako wewe. "Unahitaji kiasi gani?" aliuliza, kwa Kiingereza chake cha zamani kilichonyooka. Nami nikamjibu kama tulivyofundishwa kazini: "Asante, babu, mimi nimeshiba, hiki chakula ni chako." Alikirudisha kijiko kwenye sahani, akageukia dirisha, na mlo ukaishia hapo. Nilikuwa namwita babu hivyohivyo kwa Kiswahili, naye akaitika tangu siku ya kwanza.

Nesi wetu wa zamu ni Mkenya wa Nakuru, mwanamke wa vitendo, hana muda wa kubembeleza mtu. Akanivuta pembeni. "Dada, huyu mzee anaisha. Akiendelea hivi daktari atamtuma hospitali, huko wamwekee mpira kwa pua. Na vile amechanganyikiwa, akienda huko harudi." Sikulala vizuri siku hiyo. Nilikuwa nimeshampenda yule mzee, na sijui hata nilianza lini.

Binti yake alikuwa akija Jumapili. Mama wa makamo, mpole, anakuja na maua na soksi mpya. Nikamuuliza habari za picha iliyokuwa ukutani: ndege kubwa kama jumba, inaning'iniza mipira mirefu, na nyuma yake vindege viwili vimejipachika kwenye ncha za ile mipira. Mimi siku zote nilidhani ni ndege ya abiria iliyopata ajali. Binti alicheka mpaka akatoa kitambaa.

Akanieleza. Baba yake alikuwa mhandisi katika jeshi la anga, na ile ndege ndiyo ilikuwa ofisi yake. Ilibeba askari, masanduku, machela za majeruhi, chochote kile, lakini kazi iliyompendeza yeye ilikuwa kunywesha. Ndege za kivita zinamaliza mafuta upesi, na baharini hakuna pa kutua. Basi zilikuja kwa nyuma, moja moja, kwenye mawingu, kila moja ikaingiza mdomo wake kwenye kikapu cha chuma mwisho wa mpira, ikanyonya. Yeye alikaa mbele ya vibonye vyake, na yeye ndiye aliyemuuliza kila rubani swali lilelile, unahitaji kiasi gani. Na hawakurudi kambini mpaka wa mwisho amekunywa.

"Na hao wakishakunywa wanakwenda wapi?" nikamuuliza. Maneno hayanikai mdomoni. Akakikunja kile kitambaa chake. Wengine walikwenda kulinda, akasema, na wengine walikwenda kupiga, na baba yake hakupenda kuulizwa hilo. Sikuuliza tena, ila sijalisahau.

Kwenye treni ya kurudi kwangu Stratford ndipo akili ikanirudi. Kwetu mtu hawezi kula na mwenzake ameketi anamtazama. Atamwambia karibu, na aliyekaribishwa atamega japo tonge moja, ndio ubinadamu. Yule mzee alikuwa akinikaribisha kila siku ya Mungu, na mimi kila siku namwambia nimeshiba. Angekula vipi?

Kesho yake aliponyoosha kijiko nikasema, "Nahitaji kidogo, babu. Viazi tu." Ule mkono wake uliokuwa ukimwaga chai ulitulia kabisa. Akanilisha. Akasubiri nimeze, akauliza, "Umetosheka?" Nikasema nimetosheka. Basi akavuta sahani, akala viazi, akala karoti, akala mpaka kikombe cha kastadi, ule uji wao mtamu wa maziwa. Nilimtazama na machozi yananilenga.

Nikasikia sauti mlangoni. "Dada, unakula chakula ya mgonjwa?"

"Nafanya kazi."

"Kazi gani ya kutafuna?"

Nikamweleza. Nesi akaguna, lakini akaenda mwenyewe kwa meneja, na ikaruhusiwa kwamba anayemhudumia yule mzee amege pamoja naye. Nyama yao mimi sili, nikamwambia mzee mapema, na yeye aliyekuwa akisahau jina la bintiye hilo hakulisahau. "Huyu anatumia aina moja tu," alikuwa akisema, anaisukuma nyama pembeni kwa uma. Mashavu yakaanza kumjaa. Tukazoeana hata nikawa namtania, namwambia babu leo mafuta yako hayana chumvi, naye anacheka bila kujua kwa nini.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani.

Siku ya kwanza akaninyooshea kijiko mchana kama kawaida. Nikamwambia leo sihitaji. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, na nadhani midomo yangu ilikuwa imekauka, maana hakuniamini hata kidogo. Akaweka kijiko chini. Nesi akakaa kwenye kiti changu, akafungua mdomo kama kifaranga, akalishwa, akasema, "Haya babu, sasa kula wewe." Mzee akaninyooshea kidole mimi niliyesimama mlangoni. "Yule bado," akasema.

Nikaenda kujificha jikoni. Haikusaidia, alibaki akitafuta kwa macho nyuma ya kila aliyeingia. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu alikuwa mweupe kama shuka, na nesi akaniambia daktari anakuja kesho yake asubuhi.

"Kijiko kimoja tu," akaninong'oneza. "Kwani Mungu haoni hali yenyewe?"

"Anaona. Ndiyo maana."

Nilimjibu kwa ukali, na hasira haikuwa juu yake. Nilikuwa nimemkasirikia daktari, nimemkasirikia mzee, najikasirikia mimi. Moyoni nilikuwa nimeshakata shauri: ikifika kuwa ni roho ya mtu, nitafungua kinywa, nitakula, na siku yangu nitailipa baada ya Idi. Dini yetu haijamwekea mtu kitanzi. Lakini hii saumu nimefunga tangu nina mapengo, hata siku za zamu mbili, na sikuwa tayari kuiachia kabla sijajaribu kila njia. Nikaingia stoo ya mashuka, nikampigia simu yule binti.

"Mama, nisaidie," nikamwambia. "Baba alikuwa akifanya nini ndege ikichelewa?"

Hakuelewa naulizia nini, lakini alijibu. Baba alisubiri, akasema. Walikuwa wakizunguka palepale juu ya bahari, wanakwenda wanarudi, hata saa nzima. Ila ilikuwa lazima huyo anayechelewa awaambie atafika saa ngapi. Kinachowatesa watu wa ile kazi ni kutokujua.

Nikarudi chumbani. Sahani ilikuwa mbele yake imeshapoa, nesi amekaa pembeni ameshika tama. Nikasimama karibu yake kabisa, mikono nyuma, sijui kwa nini nilisimama vile.

"Babu, nitachelewa," nikasema. "Nitafika saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Nisubiri."

Akainua kichwa. Macho yake yalikuwa makali, na sauti iliyotoka sikuwa nimewahi kuisikia, sauti ya mtu aliye kazini. "Una ya kutosha kufika mpaka hapo?"

"Ninayo," nikasema, na ilikuwa kweli, daku nilikula vizuri. Halafu sijui ni nani aliyenitia maneno haya mdomoni. "Na wewe? Unayo ya kutosha kunisubiri?"

Akaitazama sahani, midomo inacheza kama anayepiga hesabu. Akakitazama kijiko. Kisha mzee akachota viazi, akajipelekea mwenyewe mdomoni, akatafuna. Akachota tena. Hakumkaribisha mtu. Alikula polepole, kwa makini, kama mwenye safari ndefu, mpaka sahani ikabaki nyeupe. Nesi alijishika mdomo, akatoka nje, na nilimsikia huko ukumbini akilia kwa sauti, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona hata akipangusa jicho.

Zamu yangu iliisha saa kumi. Sikuondoka. Niliswali alasiri kwenye chumba cha wafanyakazi, nikakunja nguo za watu ambazo hazikuwa kazi yangu, huku nikipita mlangoni kwake kila mara kuchungulia. Mchana wote mzee hakulala, naye ni mtu wa kulala akishakula. Amekaa kwenye kiti, amekigeuza kiangalie mlango, na mapajani ameshika bakuli la kastadi alilokataa liondolewe.

Magharibi ilipoingia nilikuwa nimeshika tende mfukoni, nimeshazitoa kokwa. Nikaingia.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, babu."

Mkono ukainuka, umetulia tuli. Nikapiga magoti mbele ya kile kiti, nikanong'ona bismillahi, nikafungua kinywa. Kastadi ilikuwa baridi, imeshafanya utando juu, na ilikuwa tamu. Tangu mama yangu afariki hakuna mtu aliyenisubiri nifuturu. Nilikuwa nafuturu kwenye vituo vya treni, kwenye ngazi, nimesimama. Nikalia palepale na kijiko mdomoni, naye hakushtuka, akasubiri nimeze.

"Umetosheka?"

"Nimetosheka."

Akachungulia juu ya bega langu, kule mlangoni. "Kuna mwingine nyuma yako?"

Nikageuka nikatazama. Ukumbi ulikuwa mtupu. "Hakuna, babu. Mimi ndiye wa mwisho."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea yote mawili, na akamaliza kastadi iliyobaki. Halafu akanipa mkono nimwinue.

"Basi," akasema, "sasa tunaweza kurudi nyumbani."